Mkunjo wa Tano

Kitabu hakianzi kikiwa kitabu. Huanza kikiwa shuka pana la karatasi, kurasa nane upande huu na nane upande wa pili, nyingine zimesimama wima, nyingine zimepiga vichwa chini, hata mtu wa nje akiliona hudhani mchapaji alikuwa amelewa. Shuka hilo likipita kwenye mashine ya kukunja hutoka kijitabu chembamba cha kurasa kumi na sita, na wajalidi hukiita mkunjo. Mikunjo hupangwa, hushonwa uzi mgongoni, huvikwa jalada, hukatwa kingo. Hapo tena ndipo watu husema wameona kitabu.

Mama Uzi alikuwa mshonaji. Alikaa kwenye mashine ya kushonea, ile ya chuma cha kijivu iliyo karibu na dirisha, tangu binti yake hajazaliwa, na binti huyo sasa alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi. Mashine ile ilikuwa na tabia zake. Ikipata unyevu ilikata uzi. Ikiharakishwa ilivunja sindano. Vijana kadhaa waliwahi kuwekwa kando yake wajifunze, na wote waliomba kuhamishwa kabla mwezi haujaisha. Jina la Mama Uzi alipewa na mwenzake wa chumba kimoja, aliyeitwa Kisu kwa sababu ya mashine yake ya kukatia karatasi. Kisu aliiendesha mashine hiyo kwa vidole tisa na nusu, na hakupenda kuulizwa habari za ile nusu.

Karatasi zilizoharibika, zile ambazo wino umefifia au zimekunjwa upande, wafanyakazi waliruhusiwa kuzichukua. Wengine walifungia sabuni, wengine walitandika kabatini. Mama Uzi alizisoma. Ila karatasi haziharibiki kwa mpango. Leo utaharibika mkunjo wa kwanza wa kitabu fulani, kesho wa pili, na wa tatu utoke safi wote uende dukani. Kwa hiyo elimu yake ilikuwa pana lakini ilikatika ghafla, kama ngazi ambayo fundi hakurudi kuimaliza. Alijua mwili wa binadamu mpaka kwenye ini. Alijua kufuga kuku mpaka vifaranga wanapoanza kuota manyoya. Namna ya kuwauza hakuijua. Alijua sheria ya mirathi mpaka pale ndugu wanapoanza kugombana.

“Wewe Mama Uzi,” Kisu alizoea kumwambia, “omba Mungu usiugue figo. Figo ziko mkunjo wa mbele.”

Ndipo kikaja kitabu cha fedha.

Kilikuwa kitabu cha mtu binafsi, mwandishi ameleta kazi yake na fedha zake, na kilieleza namna mtu anavyoweza kusimama kwa miguu yake asimtegemee mwajiri. Mkunjo wa kwanza Mama Uzi aliuchukua bila hamu. Ulisema kwamba mshahara ukiingia, mtu wa kwanza kulipwa ni wewe mwenyewe, mwenye duka na mwenye nyumba wafuate nyuma. Aliusoma mara mbili. Mkunjo wa pili ulimfundisha kutenganisha vitu vinavyomtilia mtu mfukoni na vitu vinavyotoa, na akagundua kwa mshtuko kwamba seti ya makochi aliyojivunia ilikuwa upande wa pili. Kuanzia hapo hakusubiri karatasi ziharibike. Mwendesha mashine ya kukunja alikuwa shoga yake. Mkunjo ukitoka, mmoja uliharibika.

Mkunjo wa nne ulihusu uhuru. Mwandishi aliandika: *Siku ambayo vitu vyako vinakulisha bila msaada wa mwajiri, wewe ni mtu huru. Siku hiyo andika barua ya kuacha kazi, ipeleke kwa mkono wako, wala usiombe radhi.* Maneno hayo yalikuwa chini kabisa ya ukurasa wa sitini na nne. Mkunjo uliishia hapo.

Mama Uzi alikaa na ukurasa ule jioni nzima. Vitu vyake alivijua. Nyuma ya nyumba walikuwa na vyumba viwili vya kupangisha, ambavyo yeye na mumewe walivijenga tofali kwa tofali. Tena alikuwa akishona madaftari kwa mkono siku za mapumziko, na wenye maduka ya vifaa vya shule walishayazoea, kwa kuwa hayakuachia kurasa. Alijumlisha kodi ya vyumba na fedha za madaftari. Akajumlisha matumizi yote ya nyumba pamoja na ada ya binti. Akalinganisha. Vikalingana, na kidogo kikabaki. Alirudia hesabu akitafuta kosa kama mtu anayetafuta mwiba, asilione.

Alingoja mkunjo wa tano. Haukuja. “Karatasi hazijafika,” meneja alisema, na mashine ikapewa kalenda. Wiki zikapita. Siku moja meneja aliingia chumba cha kujalidi na wanaume wawili wenye futi ya kupimia. Walipima sakafu kuizunguka mashine ya Mama Uzi, wakachora mistari kwa chaki, wakatoka. Hakuna aliyemwambia hata habari za kazi. Walimkwepa kama mtu anavyokwepa ndoo.

Jumanne iliyofuata alipeleka barua. Meneja, mwanamume mtulivu aliyerithi kiwanda kwa baba yake, aliisoma akiwa amesimama. Akasema, “Ahsante, mama.” Basi. Hakumwuliza sababu, hakumwambia akafikiri. Mama Uzi alitoka akijihisi amerefuka.

Nyumbani, mumewe, ambaye ni fundi bomba, alitua kijiko.

“Umekwisha kuipeleka?”

“Nimeipeleka.”

“Mke wangu, barua ya kuacha kazi si posa, kwamba wakikataa huku utajaribu nyumba ya pili.”

“Hesabu imekubali, baba.”

“Hesabu imekubali. Mimi ndiye sikuulizwa.” Alitafuna kidogo, akaendelea, sauti yake ileile ya kawaida. “Miaka yote hii naziba mabomba. Sijaona hata moja lililotoa notisi kabla ya kupasuka.”

Mama Uzi aliona hiyo ni hofu ya mtu ambaye hajasoma mkunjo wa nne.

Ijumaa, muda mfupi baada ya chakula cha mchana, mgeni aliletwa akae kwenye benchi la chumba cha kujalidi, maana meneja alikuwa na simu. Alikuwa bwana mwembamba wa makamo, viatu vimeng'arishwa lakini visigino vimeliwa upande, na bahasha ameibana kwapani. Mama Uzi alimtambua kwa picha ya kwenye jalada la majaribio. Alizima mashine.

“Samahani, mwalimu. Wewe ndiye mwenye kitabu cha fedha?”

“Ndiye mimi, mama.”

“Basi nakushukuru. Nimekifuata neno kwa neno. Jumanne nimepeleka barua.”

“Barua gani?”

“Ya kuacha kazi. Na sikuomba radhi, kama ulivyosema.”

Yule bwana alikuwa ameanza kutabasamu. Tabasamu lilibaki mdomoni peke yake. Macho yalikwisha kuondoka.

“Kitabu changu hakijatoka,” alisema.

“Kwa watu wa nje.”

“Umesoma mpaka wapi?”

“Mpaka mkunjo wa nne. Ukurasa wa sitini na nne, pale kwenye uhuru.”

Mwandishi aliweka bahasha kwenye benchi, kisha akaiokota tena, kana kwamba mikono yake haikuwa na agizo. “Mama,” alisema, “sura inayofuata inaitwa ‘Kabla’. Mkunjo mzima ni kabla. Kabla ya barua fanya hiki, kabla ya barua hakikisha kile. Kwa nini hukungoja?”

“Nilingoja. Karatasi hazijafika.”

“Karatasi zipo. Zimejaa stoo, nimeziona sasa hivi napita. Zisizofika ni fedha zangu. Mkunjo wa tano sikuwa nimeulipia.”

Upande wa pili wa chumba, Kisu alikuwa ameinua mkono kubonyeza kitufe. Aliuacha hewani. Kisha akaizima mashine yake kabisa, jambo ambalo hakulifanya hata kwa ajili ya mwenye kiwanda.

“Ngoja kwanza,” Kisu alisema. “Wewe ndiye unayetufundisha habari za fedha, na kitabu chako kimekwama kwa sababu huna fedha?”

“Nilimdhamini shemeji yangu mkopo. Akatoroka, nikalipa mimi.”

“Na kitabu kinasemaje juu ya kudhamini?”

“Kinakataza. Sura ya saba.”

“Haya sasa.”

“Niliiandika baada ya kulipa, bwana. Ningejuaje kabla?” Hakukasirika. Alimgeukia Mama Uzi. “Niliyoyaandika ni kweli, mama, lakini nimeyatoa nusu. Nimempa mtu gari lenye injini, breki nikaiweka mpaka nitakapopata hela. Hebu niambie. Katika hesabu yako uliweka mwezi ambao chumba hakina mpangaji?”

“Sikuweka.”

“Paa likivuja?”

“Mume wangu ni fundi.”

“Mume wako akiugua?”

Mama Uzi alijua mwili wa binadamu mpaka kwenye ini, na hakuna mahali katika kurasa zile palipotaja gharama.

“Na kiinua mgongo,” mwandishi aliendelea. “Anayeacha kazi mwenyewe hapa, analipwa?”

Kanuni za wafanyakazi wa kiwanda zilichapwa hapohapo, na alizishona yeye. Nyumbani alikuwa na mkunjo wa pili wa kanuni hizo, unaohusu likizo, na aliujua kama jina lake. Habari za kiinua mgongo lazima zilikuwa mkunjo wa tatu. Alimtazama Kisu.

Kisu alikuwa ameiva uso. “Halipwi,” alisema. “Anayestaafu hulipwa. Anayepunguzwa hulipwa. Yule mzee wa wino aliyeondoka kwa hasira, aliondoka na kofia yake tu.”

“Na wewe unalijua hilo?”

“Nalijua.”

“Tangu Jumanne unanitazama.”

“Ulisema umesoma, Mama Uzi. Ulisema hesabu imekubali. Mimi wa vidole tisa na nusu nishindane na kitabu?”

Mama Uzi aliketi kwenye stuli yake. Kazi ya tangu kabla binti hajazaliwa, na malipo ya mwisho ambayo kila mwaka alikuwa akiyahesabu moyoni bila kuyasema, ameyatoa kwa barua moja, tena kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa madaha.

“Liko la mwisho katika sura hiyo,” mwandishi alisema polepole. “Kabla hujaandika barua, chunguza kama mwajiri naye anataka uondoke. Kama anataka, usimtangulie. Mwache aseme yeye, kwa maana anayesema ndiye anayelipa. Hapa pana mabadiliko yoyote?”

Mama Uzi alisema hapana. Kisha aliona macho ya Kisu yameshuka sakafuni, naye akayafuata. Ile mistari ya chaki bado ilikuwapo. Alikuwa ameikanyaga siku zote hizo bila kuisoma, yeye asomaye kila kitu. Ilichora mstatili, na mstatili ulikuwa mkubwa kuliko mashine yake. Ulipita upande wa dirisha, ukapita meza ya kupangia mikunjo, ukapita chini ya stuli aliyoikalia. Kitu kilichopimiwa nafasi ile kilikuwa kirefu, na hakikuhitaji mtu wa kukaa.

“Mashine ya gundi,” Kisu alinong'ona. “Mungu wangu. Inajalidi peke yake.”

Mlango wa ofisi ukafunguliwa, mwandishi akaitwa, na Mama Uzi akainuka akaingia naye.

Meneja hakushangaa kumwona. Alimwonyesha mwandishi kiti, akamngojea Mama Uzi aseme shida yake.

“Naomba barua yangu.”

“Nimeshaikubali, mama.”

“Mnaleta mashine ya gundi.”

“Ndiyo. Jumatatu natangaza. Wanaopanga kwa mkono na wanaoshona, wote watapunguzwa. Watalipwa haki zao.”

“Na mimi?”

“Wewe umeacha mwenyewe.”

“Jumanne nilipokuletea barua, ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

“Ukaniambia ahsante.”

“Ulikuwa umenipunguzia gharama,” meneja alisema. “Ningesema nini kingine?”

Alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesoma kipimo cha joto. Hilo ndilo lililomshtua Mama Uzi kuliko yote. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, au kwa aibu, hata kwa kicheko. Baba wa mtu huyu alimwajiri, na siku ya maziko yake yeye ndiye aliyeshona kitabu cha rambirambi usiku kucha. Sasa anatazamana na mtu ambaye hamchukii hata kidogo, anayemwona kama tarakimu iliyokaa upande wa kutoa ikahamia yenyewe upande wa kutia. Na kilichomtia baridi zaidi ni kwamba namna hiyo ya kuhesabu aliitambua. Ilikuwa mkunjo wa pili.

Mwandishi alikuwa ameiweka bahasha yake mezani. “Hizi ni za mkunjo wa tano,” alisema. Meneja alinyoosha mkono.

“Mwalimu,” Mama Uzi alisema, “kitabu chako kinatiwa gundi au kinashonwa?”

“Kinashonwa. Iko kwenye mkataba. Kitabu cha kufanyia kazi kikitiwa gundi tu, kikifunguliwa mara kumi kinamwaga kurasa.”

“Nani atakishona?”

Meneja alijibu yeye. “Wewe. Una mwezi mzima wa notisi.”

“Likizo yangu ya mwaka huu sijaichukua, wala ya mwaka jana. Ulisema kazi ni nyingi. Kanuni inasema siku za likizo zilizobaki huhesabiwa ndani ya notisi. Kifungu kipo mkunjo wa pili, ukurasa unaoanza na likizo ya uzazi, katikati. Basi mimi nimemaliza, bwana. Kengele ya leo ndiyo yangu ya mwisho.”

Meneja alivuta droo, akatoa kile kijitabu, akakifungua. Alisoma. Alisoma tena, kidole kikifuata mstari. Kwa mara ya kwanza tangu arithi ofisi ile, Mama Uzi alimwona ana jambo usoni.

“Yupo mwingine anayeiweza ile mashine?” mwandishi aliuliza.

“Wapo wanaoweza kujifunza.”

“Walijifunza,” Mama Uzi alisema. “Ziulize sindano zao.”

Mwandishi aliivuta bahasha yake nyuma, taratibu, mpaka ikafika ukingo wa meza upande wake. “Mimi nililipia kushonwa,” alisema. “Kama hakishonwi, tutarudi kwenye mkataba, na nilichokwisha kutoa nitakidai. Nimeona leo kurasa zikikosekana mtu anafanywa nini.”

Meneja alichukua kikokotoo. Wote wawili walimtazama akibonyeza. Hakuwaficha, alihesabu kama wanavyohesabu watu waliosoma hesabu, bila kusonya wala kuguna, kiinua mgongo cha mtu mmoja upande huu, kazi ya vitabu elfu nne upande ule. Alipomaliza alifungua faili, akatoa barua.

“Utakishona chote,” alisema. “Halafu utapunguzwa pamoja na wenzako.”

“Nitakishona chote. Niandikie.”

“Huniamini?”

“Nakuamini sana. Ulichosema leo chote ni kweli. Niandikie.”

Akaandika, akagonga muhuri. Barua ya Mama Uzi alimsogezea kwa ncha ya kalamu. “Uichane.”

Mama Uzi hakuichana. Aliisoma kwanza pale pale, amesimama, kuanzia tarehe mpaka sahihi, na ofisi nzima ilimngoja. Ndipo akaikunja mara nne akaitia mfukoni.

Nje, mwandishi alijifuta jasho kwa kiganja. “Mama, nisamehe.”

“Wewe umeandika. Mimi ndiye nilipeleka.” Alifikiri. “Lakini, mwalimu, ukurasa wa sitini na nne, pale chini, pana nafasi ya mstari mmoja. Wachape tena mkunjo huo. Waandike: endelea kusoma.”

“Kuuchapa tena ni fedha.”

“Basi dhamini hilo.”

Bwana yule alicheka, kicheko kilichomtoka kama kikohozi, akaenda zake kwa visigino vyake vilivyoliwa.

Jumatatu meneja aliwakusanya watu wa kujalidi. Alisema aliyokuwa nayo kwa dakika chache. Shoga wa Mama Uzi wa mashine ya kukunja, ambaye hata yeye alikuwa kwenye orodha, aliachama mdomo asiweze kuufunga. Mama mmoja wa meza ya kupangia aliuliza swali lilelile mara tatu na kila mara akajibiwa vilevile. Mama Uzi alikuwa amelijua jambo hilo tangu Ijumaa, amelilalia na kuamka nalo, na hata hivyo jina lake liliposomwa alijikuta ameshika ukingo wa mashine. Mtu anaweza kujua maji ni ya baridi. Akitumbukizwa, atashtuka tu.

Watu walimzunguka wakimpa pole. Wengine walisema, maskini, na ana mtoto chuoni. Hakuwaeleza. Angeanzaje kueleza kwamba kupunguzwa huko ndiko alikokuombea?

Mkunjo wa tano ulitoka wiki hiyo. Mkunjo wa nne nao ulichapwa upya, na mstari uliongezwa. Bwana yule alizipata wapi fedha, hakusema. Mama Uzi hakungoja mmoja uharibike. Alichukua mmoja mzima, mbele ya macho ya watu, akausoma amesimama dirishani.

Neno la kwanza lilikuwa “Kabla”. Chini yake mwandishi aliandika kwamba mtu ahesabu mwaka wenye vyumba vitupu kwa miezi miwili, wenye paa moja bovu, wenye ugonjwa mmoja wa kawaida wala si mkubwa. Mama Uzi aligeuza nyuma ya karatasi ya kalenda, akahesabu. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, kwa kuwa hakuyaamini macho yake. Ile hesabu iliyokubali, iliyolingana na kubakiza, ilikuwa haifiki nusu ya safari. Kwa ile barua yake ya Jumanne angefika muhula mmoja wa ada. Wa pili angekwenda kukopa, na ukurasa wa sabini ulieleza kwa utulivu namna watu wanavyokopa wakiwa katika hali hiyo, na kwa nani.

Jioni alimpa mumewe mkunjo ule asome. Mumewe alisoma, kidole kikitembea, mpaka mahali fulani akasimama.

“Huyu bwana,” alisema, “anajua habari za mabomba.”

“Soma mpaka mwisho, baba.”

“Nasoma.” Baada ya ukurasa mwingine alimtazama juu ya karatasi. “Ungeniuliza haya, ningekwambia bure.”

“Najua.”

“Unajua sasa.”

“Najua sasa,” alikubali.

Siku iliyofuata mafundi walileta sanduku kubwa la mbao wakaliacha ukutani, halijafunguliwa, likisubiri vitabu elfu nne viishe. Kisu alilizunguka akiligonga gonga kwa kile kidole nusu.

“Kwa hiyo, Mama Uzi,” alisema, “wewe sasa ndiwe tajiri wa chumba hiki. Hicho kiinua mgongo utakifanyia nini? Utaongeza vyumba? Utafungua kiwanda cha madaftari, uniajiri nikate?”

“Sijui.”

“Hujui? Wewe?”

“Sijasoma mkunjo wa sita.”

Kisu alisimama. Alimkazia macho aone kama ni mzaha, akakuta si mzaha. “Na yule bwana,” alisema kwa tahadhari, “ameulipia?”

“Bado.”

Mama Uzi alilowesha ncha ya uzi mdomoni, akaipitisha kwenye tundu la sindano, akavuta mkunjo wa tano chini ya chuma, akakanyaga.